Bomba Linapumua

Saa tisa usiku, Mwananyamala,
bomba la uani linavuta pumzi.
Si maji bado. Ni hewa tu,
kikohozi chembamba ndani ya chuma,
na mimi nimeshaketi kitandani, macho kodo.

Nagonga kwa Mama Zamoyoni: maji!
Nagonga kwa Mzee Mkude: maji!
Ndoo zinaanza kugombana gizani,
nami narudi ndani kuziba masikio,
maana ndoo nazo zina yao.

Ndivyo nilivyo tangu zamani.
Sare yangu ya darasa la kwanza
niliivaa dakika nne.
Mshono wa begani ulikuwa na meno.
Mwalimu akasema huyu anadeka,
bibi akasema huyu ana wake kichwani, apungwe.
Mama hakusema. Alichukua wembe,
akakata lebo, akaligeuza gauni ndani likawa nje,
nikaenda shule nyuzi zikining'inia
kama mtoto aliyevishwa na umeme umekatika.

Siwezi taa ya tyubu. Wenzangu wanaona mwanga,
mimi nasikia nzi aliyefungiwa chupani.
Siwezi kijiko kikikwangua ukoko.
Siwezi ukumbi wa harusi:
spika inanigonga kifuani kama mtu anayenidai.
Pilau ya ndoa ya kaka yangu niliila nje,
juu ya tofali, pembeni ya mlinzi,
ambaye hakuniuliza kitu.
Mpaka leo namwombea dua.

Hayo yanachekesha. La Tandika halichekeshi.
Siwema alifiwa na mwanawe.
Alinijia mikono wazi,
na mwili wangu, huu huu, ukarudi nyuma hatua moja.
Moja tu.
Lakini watu wa msibani wana macho ya kuhesabu hatua.
Nikaosha masufuria siku tatu,
steliwaya juu ya chuma, ganzi mpaka kwenye fizi,
nikidhani atasikia ninachomwambia.
Sijui kama alisikia.

Kariakoo, huko kelele zilikozaliwa,
nina kiti changu nyuma ya majora.
Mzigo ukiingia, tajiri huniita: hebu gusa.
Nafumba macho. Kidole gumba na cha shahada.
Pamba.
Pamba.
Pamba iliyochanganywa na uongo.
Hili la mwisho lililowa njiani, likaanikwa, likapigwa pasi.
Mwenye mzigo hunitazama
kana kwamba nimeisoma barua yake ya siri.
Jioni natoka na mshahara wangu mkononi
na mji mzima umenijaa kichwani,
sisemi na mtu mpaka nilale.

Na zipo raha nisizojua niziweke wapi.
Kanga ya mama, iliyofuliwa
hadi imesahau maneno yake.
Vumbi la kwetu, linavyobadili harufu
kabla tone la kwanza halijaanguka:
naanua nguo, majirani wanatazama mbingu nyeupe,
wanatikisa vichwa,
kisha wanakimbia.

Mdogo wangu aliniuliza juzi:
ingekuwapo dawa, ungekunywa?
Jumamosi, ukumbi wa jirani ukiwasha spika,
ningeimaliza chupa na kifuniko chake.
Leo, sasa hivi, sijui.
Ua zima limejaza mapipa kwa sababu ya sikio langu,
na Mama Zamoyoni, aliyewahi kuniita mwenye maringo,
ameniwekea ndoo mlangoni, imejaa, imefunikwa sinia.

Wamelala wote tena.
Bomba halikufungwa vizuri.
Tone.
Nalisubiri la pili.
Tone.
Hakuna mwingine atakayeamka kwa hili.
Navaa kandambili, natoka.